Mabaka ya kuwasha yasiyoisha: Mzazi, uliza pia kuhusu tezi ya shingo

MTOTO akitokwa na mabaka yanayovimba na kuwasha kama aliyeguswa na upupu, nyumbani mchawi hutafutwa kwenye sahani. Mayai yanasimamishwa, kisha samaki, maziwa na karanga. Miezi inapita, mtoto anakosa vyakula vya kumjenga, na mabaka bado yapo.

Kitaalamu hali hii huitwa urtikaria. Kwa kawaida kila baka hupotea ndani ya saa 24, kisha jingine huibuka kwingine. Ikidumu zaidi ya wiki sita huitwa sugu, na hapo ni nadra chakula kuwa chanzo. Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe inayochokoza seli za ngozi zimwage histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe.

Kinga hiyo ikipotea njia huweza pia kushambulia tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ambayo homoni zake huongoza ukuaji na matumizi ya nishati mwilini. Mwaka 1983, watafiti wa Kanada waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 140 wenye tatizo hili sugu, 17 walikuwa na dalili za kinga kushambulia tezi hiyo. Huwapata zaidi wanawake, hivyo mama mwenye mwasho usiokwisha naye asijisahau. Kwa watoto hutokea mara chache, lakini hutokea.

Dalili za kuangalia

Tezi ikizembea, mtu huchoka, huhisi baridi, hukosa choo na ngozi hukauka. Mtoto huweza kuchelewa kurefuka, au shingo yake kuvimba kwa mbele. Tezi ikizidisha kazi, moyo hudunda kasi, mikono hutetemeka na uzito hupungua.

Mweleze daktari dalili hizo. Kipimo cha damu cha TSH huonesha utendaji wa tezi, na kipimo cha kingamwili huonesha kama inashambuliwa.

Tiba ni mbili

Tezi iliyopungukiwa homoni hutibiwa kwa levothairoksini, lakini dawa hiyo si lazima iondoe mabaka. Mwasho hutulizwa kwa dawa zisizolevya sana kama setirizini au loratadini, zinazotumiwa kila siku kwa kipimo cha daktari, si siku ya kuwashwa tu. Epuka kujinunulia prednisoloni. Ikitumika muda mrefu hudumaza ukuaji wa mtoto.

Ulimi ukivimba, au mtoto akipumua kwa shida, usisubiri kliniki. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa kuwa mabaka hupotea upesi, yapige picha kwa simu yanapotokea na uandike tarehe. Daktari atayaona hata kama siku hiyo ngozi ni safi. Na kabla ya kumnyima mtoto yai, muulize kwanza.