Bakapu Amboyo Hujawahi Kurudisha ni Stori Tu

Wasee, kuna jamaa nimeona akijisifu ati seva yake imekaa siku mia saba bila kuzimwa. Watu wakampigia makofi. Mimi nilimwonea huruma. Kerneli mpya ya Linux kwa kawaida haianzi kazi mpaka uwashe mashine upya, kwa hivyo huyo kuna uwezekano mkubwa anaendesha matundu ya mwaka juzi na anayaita nguvu.

Lakini leo sina vita na wasiosasisha. Nina neno na wale wanaosasisha vile mimi nilikuwa nafanya: apt update, apt upgrade, bonyeza Y, enda ulale.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kodi yangu ililipwa na websaiti za watu wadogo wadogo: mama wa keki, saluni, duka la nguo za watoto. Zote kwenye seva moja ya Ubuntu 20.04. Usiku mmoja nikaamua kuipandisha hadi 22.04. Hofu sikuwa nayo, kwa sababu bakapu ilikuwa inajifanya yenyewe kila siku saa tisa usiku.

Sasa, kupanda huko kunakutoa PHP 7.4 kunakupeleka 8.1, na plagini za zamani za WordPress hazipendi hiyo safari. Asubuhi websaiti tatu zilikuwa nyeupe pe! Nikavuta folda ya bakapu hadi kwenye laptopu, nikafuta seva yote nianze upya. Ndio nikafungua faili za databesi. Majina yako sawa, tarehe ziko sawa, ukubwa sifuri. Miezi minne nyuma nilikuwa nimebadilisha paswadi ya databesi na skripti sikuigusa. Miezi minne mysqldump inakataliwa mlangoni, inaniachia faili tupu, na mimi nalala fofofo.

Mama wa keki alikuwa na oda za wikendi mle ndani. Hakunitusi, na heri angenitusi. Aliniuliza tu, "Sasa kijana wangu, nitajuaje nani anataka nini?" Tulikaa jikoni kwake tukisoma meseji za M-Pesa moja moja. M-Pesa inakupa jina na pesa. Haikwambii keki ni ya vanila au ya chokoleti, wala imeandikwa jina la nani juu.

Na usidhani hii ni shida ya wale tulioacha shule. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta databesi kwenye mashine isiyo yake. Karibu GB 300 zikaenda. Bakapu zao za kila siku zilikuwa zinafeli kimyakimya kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu ya kunakili, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama saa sita kabla. Kampuni nzima, wasee!

Kwa hivyo mimi siku hizi siulizi mtu kama ana bakapu. Namuuliza mara ya mwisho aliirudisha lini. Kila mwezi nakodi mashine ndogo kwa masaa machache, narudisha kila kitu huko, naingia kama mteja, natafuta oda ya jana. Ikikosekana, hakuna kusasisha kitu kikubwa. Na kupanda toleo nakujaribu kwenye hiyo nakala kwanza, plagini zilie huko. Marekebisho madogo ya usalama nimeachia unattended-upgrades, hayo hayangoji mtu.

Nakala moja pia inakaa mbali kabisa. Kituo cha OVH kilipoungua Strasbourg Machi 2021, kuna waliokuwa wameweka bakapu palepale na seva. Zikaungua pamoja.

Najua utasema mteja halipii kitu haoni. Basi mwonyeshe, na uandike kwenye bili. Mimi naandika "kujaribu kurudisha" kama kazi inayojitegemea. Wawili walikataa, nikawaacha waende. Mama wa keki alibaki, na kila mwisho wa mwezi ananiandikia, "Umejaribu?" Namtumia picha ya skrini yenye oda yake ya mwisho. Asipoiona, haniachi nipumue.