Ng'ombe Si Tasa, Ana Njaa

Kuna neno linalonichosha masikio kila nipitapo Soni, Mlalo na hata Lushoto mjini: "Ng'ombe huyu ni tasa." Huambiwa ng'ombe wa maziwa aliyezaa mara moja, mbavu zake zinahesabika, na tangu hapo hajaonyesha dalili ya kutaka dume. Hukumu hutolewa upesi, mchinjaji huitwa, na nyumba hupoteza ndoo ya maziwa iliyokuwa ikilipa ada za watoto. Nasema bila kificho: huo ni uonevu. Mshitakiwa hana kosa.

Chini ya ubongo wa kila mnyama anyonyeshaye pana sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson, huko Marekani, waliwajeruhi panya katika sehemu hiyo, na panya wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kuipata jeni ya homoni iliyokuja kuitwa leptini, ambayo hutengenezwa na mafuta ya mwili. Homoni hiyo ndiyo tarishi wa ghala. Mafuta yakipungua, nayo hupungua, na ubongo hujua kuwa akiba inakwisha. Hapo hutoa amri: njaa izidi, matumizi yabanwe, na kazi ya kuzaa ingoje. Mayai hayakomai, joto halionekani. Ng'ombe naye ana utaratibu huo huo. Kwa hiyo huyo mnayemwita tasa amefungiwa mlango na ubongo wake mwenyewe, ili asife yeye na ndama pamoja.

Watakuwapo wa kunijibu: "Mbona ng'ombe wa babu zetu walizaa bila masharti haya?" Walitoa maziwa kidogo, nao walitembea wakijitafutia. Huyu chotara wa leo amefungwa bandani. Hali ila aletewacho. Akishazaa, maziwa hutoa mwilini kuliko kinywa kinavyoingiza, naye huyala mafuta yake mwenyewe. Kiangazi kikifika, twamtupia mabua makavu na vipande vya mgomba, kisha twamdai maziwa, na ndama juu yake! Maji nayo apewa ndoo moja, ilhali asilimia 87 hivi ya maziwa ni maji.

Sikatai kwamba yapo maradhi yazuiayo mimba, na bwana mifugo aitwe ayachunguze. Lakini kwa nini mchinjaji aitwe kabla ya bwana mifugo, na kabla ya kulitazama hori?

Wala dawa yake haitoki ng'ambo. Katika miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulitufundisha kupanda majani ya gwatemala katika kontua za miteremko yetu, yashike udongo na yalishe mifugo. Yapandwe zaidi, pamoja na majani ya tembo, na mengine yakaushwe mapema. Na mzigo huo usiachiwe kina mama peke yao, wanaopanda mlima na matita kichwani huku mwenye kauli ya kuuza ameketi kilabuni.

Wazee walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Basi mwenye ng'ombe naye asielemewe na majani. Akishindwa, aseme ameshindwa yeye, asimsingizie mnyama.