Kunyonya mafuta mwilini: tupime nini?

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza upasuaji wa urembo mwaka 2023, akina mama wa Temeke na Kinondoni wanauliza hukumu ya kunyonya mafuta. Wanazuoni wengi wamekataza kubadili umbo kwa ajili ya mapambo tu, wakaruhusu tiba. Basi anayedai tiba aoneshe kipimo.

Lita zilizomo chupani si kipimo, kwani zimechanganyika na maji ya dawa aliyoyadunga daktari. Picha ya wiki ya pili nayo haifai. Uvimbe huchukua miezi kwisha. Utepe wa fundi cherehani utasema kweli, lakini kuhusu kiuno peke yake. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanawake 15 wanene, saba wao wagonjwa wa kisukari, waliotolewa takriban kilo 9 hadi 10 za mafuta. Baada ya wiki 10 hadi 12, sukari, shinikizo la damu na lehemu havikupungua. Mafuta yaliyozunguka matumbo, ambayo ndiyo yenye madhara zaidi, mrija hauyafikii.

Kabla mume hajauza kiwanja Mbagala ili mkewe apone kisukari kwa njia hii, amwulize daktari: sukari itashuka kwa kiasi gani?