Mgeni akija Bukavu, tumupeleke wapi?



Konje inakaribia, na wengi wetu tutapokea wageni nyumbani: ndugu wa Uvira, kaka wa Kinshasa, labda mjomba aliyekaa Ulaya miaka mingi. (Watalii wa mbali hatuwaongelei, vita ilipoingia mjini mwezi wa pili 2025 iliwakimbiza.) Mgeni akishakula na kusalimia watu wa nyumba, ataomba: « Munitembeze mji. » Hapo tunanyamaza. Ao tunajibu kwamba mji wa kutembea ni Kinshasa kwa muziki, ao Bujumbura kwa muchanga wa Tanganyika, hapa kwetu ni milima na vumbi tu.

Sisi wa gazeti hili hatukubali.

Tuchukue muziki. Unesco iliipa Kinshasa cheo cha mji wa muziki mwaka 2015, na mwaka 2021 rumba ya Kongo zote mbili iliandikwa katika urithi wa dunia. Vizuri, tunashangilia. Lakini mumupeleke mgeni Kadutu ao Bagira siku ya posho, saa tisa ikipita. Korali zinarudilia nyimbo za kesho, soprano hapa, besi kule, gitari ikitafuta sauti yake, na kijana mmoja anapiga ngoma kwa nguvu kupita lazima. (Tulikwisha kuambia korali yetu wenyewe neno hili, bila matokeo.) Anasikia nyimbo tangu kanisa hii mpaka ile, na hakuna mtu anayemuomba tiketi.

Halafu magaribi mushuke naye karibu na ziwa. Wavuvi wa sambaza wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na miti mirefu imetokea mbele na nyuma kama ndevu za panzi. Wanaimba. Mgeni atadhani ni furaha tu, mumueleze: wimbo ndio unafanya makafi yote yaingie majini mara moja, akinyamaza mwenye kuanzisha, chombo kinalegea. Sambaza yenyewe ni mgeni hapa, ilitolewa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku taa za wavuvi zinajaa juu ya maji, hata mtu wa Ulaya atanyamaza kidogo.

Kesho yake asubuhi, jua likitoka, mgeni atasema: « Twende tuogelee. » Hapo ndipo tunaona haya.

Wanasema Bukavu ni mkono uliotia vidole vitano ndani ya ziwa. Ni kweli kwa ramani. Lakini sisi watoto wa mji, wangapi tumepitisha maji magotini? Sehemu kubwa ya rive imeshikwa na viwanja na kuta zinazoshuka hadi majini. Ziwa tunaliona kutoka juu, kama picha ya kalendari. Wenzetu wa Idjwi na Kalehe wanatucheka, na wana haki.

Si neno la kucheka tu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, bwato MV Merdi lililotoka Minova lilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliosimama inchi kavu. Wengi walikufa. Tunajua kwamba kujua kuogelea hakungewaokoa wote. Bwato lilijaa kupita kipimo, na hilo ni la wakubwa kukomesha. Lakini sisi pia tunapanda mabwato hayo tukienda kwa wazazi.

Wazazi wengine watasema: ziwa inakula watu, na katikati inapita metre 400 kwenda chini. Ni kweli. Lakini mtoto hafi katikati, anafia pembeni, pale alipofuata ndoo ao mupira. Wengine watasema haifai kwa wasichana. Basi wapewe saa yao na mwalimu mwanamke. Maji hayaulizi kama ni mvulana.

Kule Marekani, mji wa Austin ulijipa mwaka 1991 jina la mji mkuu wa dunia kwa muziki wa kupigwa mbele ya watu. Nao uko na ziwa katikati, na kuogelea humo kumekatazwa tangu 1964. Lakini wakuu hawakukataza tu na kuenda kulala: katika bustani ya mji kuna chemchemi, Barton Springs, iliyotengenezwa kuwa pisini ya watu wote, na walinzi wa kuokoa. Hatuombi pisini. Tunaomba mahali padogo pasipo na ukuta, kamba iliyofungwa kwa vibuyu kuonyesha mwisho, makoti ya kuokoa machache, na saa moja ya michezo kila juma wakati wa jua. Mvuvi mmoja anaweza kutufundisha kupita kitabu chochote.

Bwana Prefe alisema anasoma gazeti hili kabla halijatoka, kwa hiyo barua ya pekee hatuandiki. Wanaokubali watie majina yao kwa mkubwa wa darasa mbele ya konje. Wasiokubali watuandikie, ukurasa wa nyuma ni wao.