Bonyeza Mara Saba, Halafu Iweje?

Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo, ibonyeze mara saba mfululizo. Simu itakwambia kwamba sasa wewe ni msanidi programu, na menyu mpya itajitokeza. Kwenye video fupi za mitandaoni hiyo ndiyo inayoitwa "siri ambayo Google hawataki uijue". Siri gani hiyo? Google waliificha menyu hiyo kuanzia Android 4.2, mwaka 2012, na maelekezo ya kuifungua wakayaweka wazi wao wenyewe. Ni vifaa vya kazi vya watu wanaotengeneza programu. Vimewekwa kando ili mtumiaji wa kawaida asije akagusa asichokijua, kisha akampelekea fundi simu ambayo haina ugonjwa.

Basi tuyachukue madai yanayozunguka, moja baada ya jingine.

Linaloongoza ni kwamba humo ndani kuna swichi ya kasi. Utaonyeshwa mizani tatu za uhuishaji, yaani ule mwendo wa dirisha kufunguka na kufungwa, uambiwe uzitoe kwenye 1x uziweke 0.5x. Ukifanya hivyo utaona simu kama imechangamka. Lakini kilichofupishwa ni maonyesho tu: dirisha linaruka badala ya kuteleza. Kama programu yako ya kamera ilihitaji sekunde tatu kujipakia, itazihitaji bado. Mimi huziweka 0.5x kwa sababu napenda zinavyoonekana, na halina ubaya. Ubaya uko kwa anayeambiwa kwamba kwa hilo ameokoa pesa ya kununua simu mpya.

Chini zaidi kwenye menyu hiyohiyo kuna kikomo cha programu zinazobaki nyuma ya pazia. Walimu wa video wanasema chagua isibaki hata moja, simu itakuwa nyepesi. Matokeo yake ni haya. Unatuma pesa kwa programu ya benki, umeshajaza jina, akaunti na kiasi, unaombwa tarakimu za uthibitisho. Unatoka kwenda kuzisoma kwenye SMS, unarudi, na programu imeanza upya kama vile hukuwahi kuifungua. Tarakimu zinaisha muda mkononi mwako. Jambo ambalo video hazisemi ni kwamba kikomo hicho hujifuta chenyewe simu ikizimwa na kuwashwa, maana kiliwekwa kwa ajili ya majaribio. Kulazimisha 4x MSAA, chaguo jingine la menyu hiyo, nako ni vilevile: hulainisha kingo za picha katika baadhi ya michezo na kula chaji zaidi, na kwenye simu ya bei nafuu mchezo unaweza kuzidi kukwama. Na kuna programu za benki zinazokataa kufunguka kabisa menyu ya wasanidi ikiwa imewashwa.

Dai la kufagia programu zote kila baada ya dakika chache halihitaji hata menyu ya siri. Ni ugonjwa wa vidole. Watu wanaamini RAM tupu ndiyo RAM nzuri. Android imejengwa kinyume cha hapo. Programu uliyoiacha hugandishwa kwenye RAM ili ukirudi ianze pale ulipoishia, na nafasi ikihitajika, mfumo wenyewe huitoa ile isiyo na umuhimu. Ukiifagia, simu italazimika kuisoma upya kutoka kwenye hifadhi, kazi ambayo inatumia chaji zaidi kuliko kuiacha imelala. Mwaka 2016 Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa kiongozi wa Android pale Google, aliulizwa hadharani kuhusu jambo hili. Jibu lake lilikuwa kwamba kufunga programu kwa mkono kunaweza hata kuzidisha matumizi kidogo, kwa kuwa mfumo unaifanya kazi hiyo. Tangu Android 6, iliyotoka 2015, simu iliyotulia mezani huzilaza programu yenyewe bila kuombwa. Funga iliyokwama au inayochemsha simu. Nyingine ziache.

Nalo lile la RAM ya kuongeza? Boksi limeandikwa GB 8 na GB 8 nyingine, na muuzaji anakwambia hiyo ni simu ya GB 16. Hapana. Ni simu ya GB 8 iliyokopa kipande cha hifadhi yake na kukitumia kama RAM, na hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM yenyewe. Husaidia kidogo programu nyingi zisifutwe haraka. Haiongezi kasi, na kwenye simu iliyojaa picha inamega nafasi uliyokuwa unaihitaji.

Mandhari meusi kuokoa chaji ni dai lenye ukweli nusu. Kioo cha OLED huzima nukta nyeusi, hivyo akiba ipo; kioo cha LCD, ambacho ndicho kilichojaa kwenye simu za bei ya chini, huwa na taa inayowaka nyuma muda wote, uwe umeweka meusi au meupe. Hata kwenye OLED, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipima mwaka 2021 wakakuta kwamba kwa mwangaza wa kawaida wa ndani akiba ni kama asilimia 3 hadi 9. Punguza mwangaza kwanza.

Sasa tuje kwenye kodi za nyota na reli, maana hapa ndipo watu wanapotishwa na kuibiwa.

Kuna ujumbe unaosema piga *#21# na utajua kama simu yako inasikilizwa. Ukipiga, unaletewa orodha: sauti, data, faksi, na kila mstari unasema haijaelekezwa. Wengine wanapiga *#62#, wanaona namba wasiyoijua, wanaanza kumtilia shaka mume au mke. Kodi hizo hazina uhusiano na Android. Ni maswali ambayo simu yoyote ya GSM huuliza kwa mtandao, hata kitochi, na swali lenyewe ni hili: simu zangu zinaelekezwa wapi? Namba inayotokea kwenye *#62# mara nyingi ni ya huduma ya ujumbe wa sauti ya kampuni yako ya simu, inayopokea usipopatikana. Anayetaka kukusikiliza kupitia mitambo ya mtandao hahitaji kuelekeza simu yako popote, na kodi hiyo haiwezi kukuonyesha lolote kuhusu yeye.

Hatari iko upande wa pili wa kodi hizohizo. Tapeli anakupigia akijiita mhudumu wa mtandao, anakwambia laini yako ina tatizo, bonyeza **21* kisha namba fulani kisha reli. Ukibonyeza, simu zako zote zinahamia kwake. Kisha anaomba WhatsApp impigie simu kumtajia tarakimu za kusajili namba yako, na sauti inayozitaja inasikika kwake, wewe simu haijalia hata mara moja. Dakika chache baadaye ndugu zako wanaombwa pesa kwa jina lako. Kama umeshaibonyeza, piga ##002#, itafuta uelekezaji wote wa simu zako. Na usidhani kodi haiwezi kuumiza simu yenyewe: mwaka 2012, kwenye mkutano wa Ekoparty huko Argentina, mtafiti Ravishankar Borgaonkar alionyesha baadhi ya simu za Samsung Galaxy zikifutika kila kitu kwa sababu tu zilifungua ukurasa wa intaneti uliobeba kodi ya kufuta. Tundu hilo lilizibwa. Tabia ya kubonyeza kodi za kutumiwa haijazibwa.

Kodi moja inayostahili kukaa kichwani ni *#06#, inayotoa IMEI, tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Hata hiyo imepakwa uongo: eti tazama tarakimu ya saba na ya nane, ukikuta 13 simu imetengenezwa Azerbaijan na inadhuru afya, ukikuta 02 ni ya Emirati na ni mbovu. Zamani tarakimu hizo mbili zilionyesha kweli mahali simu ilipounganishwa. Utaratibu huo ulikomeshwa kabisa Aprili 2004. Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni 2008. Kwa hiyo hakuna Android hata moja duniani ambayo ujumbe huo uliwahi kuihusu. Watanzania wanaoikumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, wanajua njia iliyo sahihi: IMEI ilitumwa kwenda 15090 na jibu likatoka kwenye kanzidata.

Limebaki dai la wale waliochoshwa na haya yote, kwamba basi Android usiiguse, iache ilivyotoka dukani. Hapana, kuna mengi ya kubadilisha, ila hayakufichwa na hayana mvuto wa video. Kiokoa Data kipo tangu Android 7: kinazuia programu za nyuma kula bando lako, na unachagua zipi ziruhusiwe. Kubandika programu, kulikoanza na Android 5, kunakuwezesha kumpa mtoto simu aangalie katuni bila kutoka kirahisi akaingia kwenye picha au pesa zako. DNS ya faragha, kuanzia Android 9, inakuruhusu kuandika jina la seva inayochuja matangazo, na matangazo mengi hupungua bila kupakua kitu.

Na kwa wanaopakua programu za kusoma ujumbe uliofutwa, wakizipa ruhusa ya kusoma kila arifa inayoingia: kuanzia Android 11 simu ina historia ya arifa, ndani ya Mipangilio, kwenye sehemu ya arifa. Inahifadhi arifa za saa 24 zilizopita, na maneno ya ujumbe ulioingia kisha mtumaji akaufuta mara nyingi utayakuta humo. Ila iwashe leo, maana hairekodi chochote kilichoingia kabla haijawashwa.