Pushapu hazina hakimiliki

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi ilinibana, na bega nalo lilinibana, kama mtakavyosikia. Leo naweka kando habari za Linux na hifadhidata, ingawa sitaenda mbali sana, maana hata hili ukilichunguza utakuta ni msimbo mtupu.

Binamu yangu, yuko chuoni Eldoret, alinitumia ujumbe: "Kaka, kuna mpango wa mazoezi wa siku 90 unauzwa mtandaoni. Hauhitaji gym, ni uzito wa mwili wako tu. Dola 47. Ninunue?" Nikamjibu hapana. Akauliza, mbona wewe ulinunua? Hapo alinishika pabaya.

Dola 47 ni zaidi ya shilingi 6,000. Kwa mwanafunzi anayepika mwenyewe, hicho ni chakula cha wiki nyingi. Kwa hivyo siandiki kwa utani.

Ni kweli nilinunua, mwaka jana. Mtu anayekaa mbele ya tarakilishi saa 10 kwa siku hufika mahali ambapo akipanda ngazi hadi orofa ya tatu anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Ukurasa wa mauzo ulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: ofa inaisha baada ya dakika 15! Nililipa zikiwa zimebaki 3. Nilipokwisha kulipa ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikafungua msimbo wa ukurasa ule. Saa yenyewe ni mistari michache ya JavaScript. Ukifungua ukurasa upya inaanza tena kwenye 15. Haiulizi seva chochote, haijui hata leo ni tarehe gani. Ofa ile haikuwa inaisha na haitaisha. Nimesomea sayansi ya kompyuta miaka minne, nikanaswa na mtego ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuandika kabla ya chai ya saa nne. Aibu iliyoje.

Haya, ndani ya faili kulikuwa na nini? Kurasa 60, nyingi zikiwa picha za mwanamume asiye na shati. Mpango wenyewe ulitoshea ukurasa mmoja: pushapu, kuchuchumaa, kujivuta kwenye chuma, kukaza tumbo. Fanya seti 3. Ukiweza 12 katika kila seti, nenda kwenye aina ngumu zaidi. Ukishindwa kufika 5, rudi kwenye nyepesi. Kwisha. Hiyo ni "kama hivi, basi vile" mbili ndani ya kitanzi kimoja. Nimewahi kuandika programu ya mishahara ya ofisi ndogo ya watu wanane yenye mantiki ngumu kuliko hiyo.

Na hiyo "aina ngumu zaidi" si siri ya mtu. Ni fizikia. Watafiti walipima mwaka 2011 wakakuta kwamba katika pushapu ya kawaida mikono hubeba karibu asilimia 69 ya uzito wako ukiwa juu, na asilimia 75 ukiwa chini. Ukipiga magoti, ni kama 54 juu na 62 chini. Mtu wa kilo 70 basi anasukuma kilo 48 hadi 52 kwa pushapu kamili, na kilo 38 hadi 43 kwa magoti. Weka mikono juu ya benchi, mzigo unapungua. Weka miguu juu ya benchi, unaongezeka. Una gym nzima sakafuni, na "vyuma" unavibadilisha kwa kusogeza kiti.

Biashara hii si ngeni pia. Kabla ya intaneti ilipita posta. Charles Atlas, aliyezaliwa Italia kwa jina la Angelo Siciliano, alihamia Marekani akawa tajiri kwa kuuza masomo ya mazoezi yasiyohitaji vyuma, akiyatangaza kwenye vitabu vya katuni: kijana mwembamba anarushiwa mchanga usoni ufukweni, ananunua kozi, anarudi na kifua kipana. Badilisha bahasha kwa barua pepe, utapata ukurasa ule ule niliolipa mimi.

Linganisha na Wakanada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi lao la anga lilihitaji mazoezi ya watu walio kwenye kambi za mbali zisizo na vifaa. Bill Orban akatunga 5BX: mazoezi 5, dakika 11 kwa siku, chati 6, na kila chati ina ngazi. Hupandi ngazi mpaka umalize hesabu ndani ya muda. Kijitabu kidogo tu. (Usiige yote. Kujiinua tumbo kwa miguu iliyonyooka, kama ilivyo mle, siku hizi wataalamu wengi hawakupendi kwa sababu ya mgongo.) Ila nikiutazama kama mtunzi wa programu, mpango ule ni safi kuliko apu nyingi ninazoziona leo, na ulikuwepo kabla baba yangu hajazaliwa.

Kuna na sheria. Bikram Choudhury, mwalimu wa yoga, alidai kwamba mfululizo wake wa mikao 26 na mazoezi 2 ya kupumua unalindwa na hakimiliki. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ikamkatalia. Hakimiliki inalinda maneno na picha za kitabu chake. Utaratibu wenyewe haulindwi. Sisi wa programu huria tunalijua hilo: msimbo wako ni wako, algoridhimu si yako. Anayekuuzia mpango wa pushapu anakuuzia picha na rangi za ukurasa.

Najua mtakachosema: "Lakini ukilipa, unajituma." Nilikiamini hicho. Siku ya 19 nilikuwa nimeacha, na dola 47 zilikuwa zimekwenda vile vile. Baadaye nikajiunga na apu, ya kulipa kila mwezi, ikanisukuma kwa kengele na pongezi. Nikafika wiki ya saba. Ndipo bega la kulia likaanza kuuma kila nikinyoosha mkono kuchukua kikombe kabatini. Apu ikaendelea kuandika "Kazi safi!" kila jioni. Ilisema safi kwa sababu nilibonyeza kitufe cha kumaliza. Ningebonyeza nikiwa nimelala kitandani ingesema safi vile vile.

Karibu na kwetu kuna ukumbi wa kijamii ambapo mzee mmoja hufundisha vijana ndondi. Nilimwonyesha pushapu zangu. Alitazama tatu, akaninyamazisha. "Kijana, viwiko vyako vimetanuka kama kuku anayekausha mbawa. Na wewe unasukuma tu, huvuti kitu. Utavunjika." Dakika moja. Alinipumzisha wiki mbili, akasema maumivu yakizidi hapo niende hospitali, kisha akanianzisha upya: mikono kwenye benchi, viwiko karibu na mbavu, na kwa kila seti ya kusukuma, seti ya kuvuta. Humlipa shilingi 200 kwa kipindi. Sasa nachukua kikombe bila kukunja uso.

Kwa hivyo sisemi mazoezi yasilipiwe. Kama kuna mwalimu mtandaoni anayetazama video yako mwenyewe na kukuandikia kosa lako, huyo anauza jicho lake na saa yake. Mlipe. Apu ya kukuhesabia muda, kwa bei ya soda, sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni faili moja linalotumwa kwa watu 10,000 bila kumjua hata mmoja, huku ukurasa ukidai umetengenezewa wewe. Jina lako pale juu limewekwa na programu ya barua pepe. Nazitengeneza hizo, najua.

Binamu alinijibu jana: "Sawa kaka, lakini huku sina mzee wa ndondi." Nikamwambia amwombe mwenzake wa chumba amrekodi kwa simu kutoka ubavuni, anitumie niipeleke ukumbini Jumamosi. Jedwali la ngazi nimemwandalia, ukurasa mmoja, na nyinyi mnaweza kulipakua hapo chini bila kujisajili. Mkiona kosa kwenye hesabu, nirekebisheni.