Pumzi, yoga na sala zetu za mbio



Leo naanza kwa kujilaumu mwenyewe.

Mwaka jana, baada ya sala ya Isha, alinijia mama mmoja jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Akasema: "Shekhe, usiku moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka, nahisi ndiyo nakufa. Nimepimwa, moyo ni mzima. Daktari amenifundisha kuvuta pumzi taratibu na kuulegeza mwili. Sasa mdogo wangu kaona video kwenye simu yangu imeandikwa yoga, anasema nimeingia kwenye shirki. Ni kweli?"

Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu, macho yako kwenye simu. Nikamjibu: "Hiyo ni dini ya Wahindu, achana nayo." Nikaenda zangu kula. Sikumuuliza hata swali moja.

Miezi miwili baadaye mke wangu akaniambia yule mama halali tena, na kazini ameomba ruhusa. Wallahi niliona haya. Nilikuwa nimetoa hukumu ya jambo nisilolichunguza, na aliyelipa ni mwingine. Nilikwenda kwake pamoja na mke wangu, nikamwomba radhi.

Sasa tusikilizane kwa elimu.

Neno yoga limetoka katika Kisanskriti, na maana yake ni kuunganisha. Asili yake imo katika dini za Bara Hindi, hilo halifichiki. Ndani yake mna mambo ambayo Muislamu hayafanyi: kutamka mantra, kutaja majina ya miungu, na kufanya mkao wa kulisalimia jua kwa nia ya kulitukuza. Sisi tumekatazwa kusali sala za sunna zisizo na sababu wakati jua linapochomoza na linapozama, na katika Hadithi iliyopokewa na Muslim imetajwa kwamba nyakati hizo makafiri hulisujudia. Ikiwa dini imetuweka mbali na kufanana nao hata tukiwa tunamsujudia Allah, tutakwenda vipi kulisalimia jua lenyewe? Hapo hapana mjadala.

Lakini kuvuta pumzi si mali ya Wahindu. Pumzi ni ya Allah, ametupa sote. Kuunyoosha mgongo, kukaa kimya na kuitoa pumzi polepole ni mambo ya mwili, na asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kuyakataza. Maulamaa wametofautisha. Mwezi Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye mantra na ibada, likaruhusu ile iliyo mazoezi matupu ya mwili. Na Saudi Arabia, mwaka 2017, iliitambua yoga kuwa ni mchezo.

Madaktari nao wanaeleza: ukiitoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua na mwili hutoka katika hali ya hofu. Je, hili ni geni kwetu? Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye hasira, akiwa amesimama akae, na hasira isipoondoka alale. Ameutibu moyo kwa kupitia mwili. Na Salman alipomwambia Abu Dardaa kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, Mtume alimsadikisha.

Kwa hiyo wewe unayehangaika usiku, fanya hivi. Kaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita. Dakika tano zinatosha. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Dawa za presha usiziache, na daktari usimkimbie. Wala usilifanye zoezi hili kuwa ibada mpya au ukaliingiza ndani ya sala. Ni tiba, libaki kuwa tiba.

Sasa nawageukia wenzangu tunaopiga kelele kwamba yoga ni haramu. Ndugu yangu, wewe utulivu wako uko wapi?

Mnajua kisa cha yule mtu aliyesali mbio mbio mbele ya Mtume (S.A.W.). Akamrudisha mara tatu, akimwambia kwamba hajasali. Kisha akamfundisha: rukuu mpaka utulie, inuka mpaka usimame sawa, sujudu mpaka utulie. Huo ndio utulivu, tumaanina, na katika fiqhi yetu ya Shafii sala haisihi bila huo. Lakini tazameni misikiti yetu. Rukuu kama kuku anayedonoa, salamu haijakauka mdomoni mkono uko mfukoni unatafuta simu. Ramadhani tunamsifu imamu kwa kumaliza tarawehe upesi. Na mimi nimesifiwa hivyo miaka mingi, nikafurahi. Allah anisamehe.

Watu wetu wanautafuta utulivu kwenye video kwa sababu sisi maimamu hatukuwaonyesha ulipo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwambia Bilal aikimu sala ili wapate raha kwayo. Sisi tunasali ili tupate kuondoka.

Kuanzia Magharibi ya leo, fika msikitini kabla ya iqama, kaa, zima simu, acha pumzi itulie. Katika rukuu usiinuke mpaka mgongo umetulia. Katika sijda usiharakishe zile tasbihi tatu. Jaribu siku saba, kisha uangalie moyo wako.

Yule mama amerudi darasani, Alhamdulillah. Anafanya zoezi lake kabla ya kulala, kisha anasoma nyiradi zake. Nami nimejifunza kuvua viatu tena mtu anaponiuliza swali.

Allah atujaalie khushuu katika sala zetu, awaponye wanaohangaika usiku, na atuhifadhi sisi wahubiri na majibu ya haraka. Aamin.

Wabillahi tawfiq.